Yai la Rwankuba

"Mlima wenu huu mbona hauna kichwa?"

Generoza alidhani ni utani. Mwanamke aliyeuliza alikuwa ameinama mbele yake kwenye mstari wa maharage, jembe mkononi, na tangu asubuhi alikuwa hajasema neno ila kuitika. Jina lake Niyonkuru, lakini alijitambulisha kwa jina la mwanawe, Mama Ineza. Alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu. Kama wengi wa miaka ile, alitoka kambini kukipambazuka na kuja kijiji cha Kanazi kutafuta kibarua, apate ndizi za kuongezea mahindi ya mgao. Kuelewana hakukuwa tabu: Kirundi chake na Kihangaza cha Generoza vilikuwa kama dada wawili walioolewa vijiji tofauti.

"Mlima gani hauna kichwa, Mama Ineza?"

Niyonkuru akanyoosha jembe kuelekea juu, nyuma ya migomba, ambako Mlima Rwankuba ulikuwa umekaa na msitu wake mweusi.

"Ule. Nimekua nikiutazama kutoka kwetu. Bega la kushoto ndilo, korongo ndilo, msitu ndio. Lakini ule ninaoujua mimi una kichwa cheupe. Asubuhi kinang'aa kama yai juu ya majani. Nimeuliza kambini, nimeuliza barabarani, watu wa mbali wote, kila mtu anasema mlima wa namna hiyo haupo. Sasa nauliza kwa mara ya mwisho: nimepotea, au nimeanza kuwehuka?"

Jembe la Generoza likasimama hewani.

"Unautakia nini?"

"Mwanangu atanitafuta pale." Niyonkuru alisema hivyo huku akiendelea kupalilia, kana kwamba akisimama maneno yatamshinda. "Vita vilipoanza kunukia nilimwambia: Ineza, tukipotezana usifuate mtu, usikae njiani ukilia, nenda kwenye yai. Nitakukuta. Tulijificha mabondeni miezi mingi, tusiuone mlima, ndipo tukafika mtoni, watu wengi kuliko mitumbwi. Risasi zikalia nyuma yetu, mkono wake ukanitoka. Mimi nimevuka, nimeupita mlima huu huu mara mbili nikitafuta mlima. Mtu mzima mimi! Yeye wa miaka kumi na mitatu atafanyaje?"

Generoza alilijua jibu.

Yai lilikuwepo. Kabla ya uhuru, padri mmoja wa kizungu aliyependa nyota kuliko usingizi alijenga juu kabisa ya Rwankuba nyumba ya mviringo ya mawe, akaifunika kwa kuba la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye mlango wa kufunguka angani. Ndani akaweka darubini ndefu kama shina la mgomba. Watu walimwita Padri Nyenyeri, yaani Padri Nyota. Alipozeeka akarudi kwao na darubini ikaondoka naye, lakini kuba likabaki, na desturi ikabaki nalo: kila Jumatatu ya Pasaka watu wa Kanazi na Mbuba walipanda Rwankuba na vibuyu vya pombe ya ndizi iitwayo rubisi, ndizi za kuchoma na watoto wao. Watoto waliteleza kwenye mteremko wa nyasi wakikalia magome ya migomba, wakubwa wakazunguka kuba wakinyoosheana vidole: kule Ruvubu unapopinda, kule Ngara mjini juu ya kilima chake, kule mashariki mbuga za Biharamulo zisizo na mwisho. Msitu wenyewe haukuguswa na shoka. Wazee walisema radi ndiye mwenye nyumba pale, na hata ambao hawakumwamini radi waliamini kijito kilichotoka chini ya mizizi ile na kunywesha bonde zima.

Kisha wakimbizi wakaja, kwanza mamia, halafu watu wasiohesabika. Vilima vya jirani vikanyolewa kwa ajili ya kuni. Wengine wakaanza kufika hata kwenye miguu ya Rwankuba na mapanga. Watu wa Kanazi wakakaa kikao. Mmoja akasema kuba lile jeupe ndilo linalowaita, linaonekana mpaka kwao. Mwingine akasema ndege za vita zitalidhania ni kambi ya jeshi. Modestus, mume wa Generoza na mwenyekiti wa kitongoji, akakata shauri: lipakwe tope, lifanane na mlima.

Na ni Generoza aliyesema tope tupu litaoshwa na mvua ya kwanza. Changanyeni na samadi na utomvu wa mgomba, aliwaambia, maana nguo iliyoingia utomvu nani amewahi kuitakatisha? Wakamsifu kwa akili. Mvua za misimu miwili zilipita juu ya kuba lile na lisibadilike rangi.

"Mama Ineza," alisema mwishowe. "Weka jembe chini. Hujapotea wala hujawehuka. Yai lipo. Tulilipaka matope."

Niyonkuru alijiinua polepole. Aliutazama mlima, akamtazama Generoza.

"Mlipaka mlima matope?"

"Kichwa chake."

"Ninyi watu wa huku," alisema Niyonkuru, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea, "mna kazi chache sana."

Jioni ile, Generoza alilileta jambo hilo mbele ya chakula. Modestus alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani.

"Msitu ukiisha na kijito kikakauka tutakunywa nini, Mama Tomasi? Tutakunywa hilo yai?"

"Tangu tulipake, shoka zimekoma?"

Modestus akakohoa.

"Nimeuliza. Zimekoma?"

"Zimepungua."

"Zimepungua kwa sababu miti ya chini imeisha," alidakia Bibi Eufrazia, mama yake Modestus, kutoka kwenye mkeka wake. "Wanaokata hawahitaji kuona bati. Wanaona miti. Wewe mwanangu ulimfunika macho mlima, ukadhani umewafunika wao."

"Mama, nawe!"

"Mimi nawe nini? Nilichungulia kwenye darubini ile nikiwa na mimba yako. Nikauona mwezi una mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Nikacheka mpaka padri akanipa maji. Sasa sijapanda Rwankuba tangu ngoma hii ianze, eti pana hatari. Pasaka hii napanda. Anayetaka kunizuia anibebe anirudishe."

Generoza hakucheka. Alimsogelea mumewe.

"Baba Tomasi, tuseme ni sisi tuliokimbia. Umemwambia Tomasi akitupotea aende mahali fulani. Anafika, anakuta watu wamepafunika kwa akili zao nzuri. Ungewaambia nini watu hao?"

Modestus aliivuta tena sahani, akaiacha. Nje mbuzi alilia.

"Ngazi ya kanisa," alisema Modestus hatimaye, "itafika juu?"

Jumatatu ya Pasaka walipanda. Si Kanazi yote. Wengine waligoma, wakasema mwenyekiti ametawaliwa na mkewe. Lakini walikuja wa kutosha, na Niyonkuru alikuja na wanawake wanne kutoka kambini. Walipita migomba, wakapita mteremko wa nyasi, wakaingia msituni. Baridi ya msitu ikawapokea kama maji usoni. Watu walizungumza kwa sauti za chini bila kuambiwa. Pale kwenye visiki vipya wale wanawake wa kambini walisimama, wakatazama chini.

"Hata kwetu tulikuwa na msitu," Niyonkuru alimwambia Modestus. "Tulikuwa na siku moja ya kuokota matawi yaliyoanguka, na siku nyingine hakuna mtu kuingia. Wawekeeni watu siku. Mtu mwenye siku yake haibi."

"Na akiiba?"

"Utaniita mimi nimtukane kwa Kirundi. Wewe matusi yako ni mepesi."

Watu wakacheka, na Modestus, aliyekuwa amebeba ngazi begani, ikambidi acheke naye. Siku ya kuokota ikawekwa palepale njiani, Jumatano.

Kuba lilikuwa limesinyaa kwa uchafu kama kichwa cha mzee aliyelala majivuni. Maji matupu hayakulitisha. Mchanga ulikwaruza kidogo. Ndipo Bibi Eufrazia, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na kibuyu chake, akawapigia kelele:

"Mmezungukwa na msitu na hamwoni! Msasa! Chumeni msasa!"

Wakachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ambayo kila mtu alikuwa amesugulia mpini wa jembe na akasahau kuwa yangefaa na bati. Utomvu ukaanza kuachia. Kwanza alama ya upana wa kiganja, nyeupe, ikametameta. Watoto wakapiga vigelegele. Halafu alama zikaungana. Generoza alisugua mpaka ncha za vidole zikamchonyota, na kila lilipotokea bati jeupe alihisi kitu kikilegea kifuani, kidogo kidogo, kama fundo la kamba iliyolowa.

Upande wa mashariki mwamba ulikuwa wima kama ukuta, ngazi ikakosa pa kukanyaga. Modestus alijaribu, ngazi ikayumba, wanawake wakapiga ukunga.

"Basi," alisema akishuka. "Baka hilo libaki. Huko ni Biharamulo tu. Nani atatazama kutoka huko? Ng'ombe na Wasukuma?"

Kisha walikula ndizi za kuchoma, wakanywa rubisi, na watoto wakateleza kwenye magome ya migomba kama zamani. Hata mmoja wa wale wanawake wa kambini aliteleza, akafika chini na nyasi kichwani, akaomba arudie.

Lakini kesho yake ukungu ulishuka. Ukalala juu ya Rwankuba kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Asubuhi baada ya asubuhi Niyonkuru alifika, akasimama mwisho wa migomba, akautazama mlima usioonekana, kisha akachukua jembe. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Generoza. Angetukanwa angelala. Mume wake alianza kusema maneno ya faraja, Generoza akamkatiza: asimfariji yeye, ambaye hajapoteza mtoto.

Jua lilitoka Jumapili. Waliotoka misani walisimama barabarani wakatazama juu, na hata wale waliogoma walikubali kwamba ilikuwa kama kumwona ndugu aliyetoka hospitali.

Siku chache baadaye, mchana, kengele ya baiskeli ililia njia panda. Mwanamume mrefu aliyevaa kofia ya pama alikuwa anasukuma baiskeli kupanda mteremko, akihema, na nyuma yake, juu ya keria, alikaa msichana aliyekumbatia kibuyu cha maziwa.

"Mwadila, mayu!" alimsalimia Generoza kwa Kisukuma chake, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi Ngassa, nimetoka mpakani mwa Biharamulo. Ndio mlima wa yai huu? Maana huyu mtoto amenichosha. Kila asubuhi anapanda kichuguu changu kutazama milima. Ng'ombe wanangoja, yeye anatazama milima!"

Generoza alikuwa amekwishageuka, anakimbilia shambani na kanga ikimvuka, akiita kwa sauti ambayo Kanazi ilikuwa haijawahi kuisikia kwake: "Mama Ineza! Mama Ineza, acha jembe!"

Niyonkuru alitoka katikati ya migomba. Alisimama. Msichana alishuka kwenye keria taratibu, akaweka kibuyu chini kwa uangalifu kisimwagike, kisha akakimbia.

Walikumbatiana katikati ya njia. Ngassa akavua kofia, akatazama pembeni, akajishughulisha na cheni ya baiskeli ambayo haikuwa na kasoro. Kisha Niyonkuru akamsukuma mwanawe kwa urefu wa mkono, akamtazama juu hadi chini.

"Mbona umenenepa?"

"Mama..."

"Mimi nimekonda kama ufito kwa ajili yako, na wewe unanenepa kwa maziwa ya watu!" Akamvuta tena kifuani. "Umenenepa. Asante Mungu, umenenepa."

Ineza alisimulia akiwa amekaa miguuni pa mama yake, mdomo umejaa ndizi. Alivuka kwa mtumbwi mwingine huko chini ya mto. Alilitafuta yai, hakuliona, akafuata barabara akidhani liko mbele, mpaka miguu ikamshinda kwenye boma la Ngassa na mkewe Malongo. Wakampa ndama wa kuchunga. Wiki hii, akiwa juu ya kichuguu, aliona kitu kinang'aa mbali.

"Baba Ngassa akasema si yai, eti ni jiwe ndege wamelinyea."

"Lina baka jeusi!" Ngassa alijitetea. "Nikamwambia, yai gani lina baka?"

"Nikamwambia la kanga," alisema Ineza.

Generoza alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa kama mtu aliyetua mzigo na sasa mikono yake inaelea yenyewe. Alipofuta macho, alimwona Modestus amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia habari ya baka.

"Mwanangu," alimuuliza Ineza, "ulikaribia kutolijua kwa sababu ya hilo baka?"

"Karibu. Nilikaa siku mbili nikibishana."

Modestus akageuka, akatoka nje. Wakamsikia akiita uani:

"Tomasi! Niletee ngazi. Na kamba ile ndefu."

"Baba Tomasi, rudi ule kwanza!" Generoza alimpigia kelele. "Yai haliruki!"

"Kuleni ninyi," alijibu, sauti yake ikiwa tayari njiani. "Huyu ameletwa na baiskeli. Mwingine huenda anakuja kwa miguu."