Kizingiti cha Gerard Wojcik

Gerard Wojcik alikuwa ametandaza karatasi juu ya meza ya jikoni, na mkewe Colette alikuwa akimenya viazi upande wa pili, akijitahidi maganda yasiiguse. Karatasi ilikuwa na majina ya majimbo kumi na manne. Kila jimbo lilipewa alama kwa mambo matatu: kama unaruhusiwa kutembea na bastola bila kibali, kama sheria inakutaka ukimbie kwanza kabla ya kujitetea, na kama mtu aliyevuka kizingiti chako unaweza kumpiga risasi usiulizwe.

"Hapa New Jersey ukivamiwa barabarani unatakiwa ukimbie," Gerard alisema. "Nina miaka hamsini na minane na goti bovu. Nikimbilie wapi?"

"Kimbilia kwa dada yangu."

"Dada yako ndiye hatari yenyewe."

Walicheka kidogo. Mwezi wa pili mtu alikuwa amemnyang'anya Gerard gari kwenye kituo cha mafuta, na tangu siku hiyo hakukubali kukaa kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo. Waliuza nyumba. Wakahamia mji mdogo wa Pell Creek, katika jimbo la kusini lililopata alama zote tatu.

Watu wa Pell Creek huwapa wageni wiki tatu wafungue maboksi yao. Baada ya hapo humpelekea mgeni chakula, kikiwa cha moto bado, kimefungwa taulo ili kisiunguze mikono. Hawapigi simu kwanza, kwa sababu ukipiga simu mwenye nyumba ataanza kufagia. Gerard na Colette hawakuwa na habari hizo. Kwenye mtaa wao wa zamani walikaa miaka kumi na mmoja na hakuna jirani aliyewahi kuwaletea hata chumvi.

Jumamosi saa tisa alasiri, mwanamke aliingia kwenye njia yao ya changarawe akiwa amekumbatia kitu kwenye taulo. Alikuwa Nadine Tolliver, wa nyumba ya tatu, na kwenye taulo kulikuwa na bakuli la tambi na kuku, limeokwa kwa jibini.

"Ameficha kitu," Gerard alisema dirishani.

"Labda ni chakula."

"Nani anampikia mtu asiyemjua?"

Alifungua mlango, akasimama barazani na bastola, akapiga kelele. Nadine alisimama karibu na sanduku la barua, hatua thelathini na moja kutoka mlangoni. Aliiona bastola. Aligeuka kurudi alikotoka, na Gerard akafyatua. Bakuli likapasuka kabla Nadine hajafika chini.

Colette alikimbia, akapiga magoti kwenye changarawe, akamshika mkono mpaka ukaacha kushika. Aliporudi ndani kunawa, mlango ulikuwa unaondoka.

Bawaba zililia kwanza. Kisha fremu ikatoka ukutani na ubao wake mzima, kengele, kizingiti na kile kizulia cha kufutia miguu. Ikashuka ngazi, ikavuka majani kwa mwendo wa watu wanaohamisha godoro. Ilimpita Nadine, ikasimama hatua moja mbele yake, karibu na barabara.

Gerard aliitazama.

"Kwa hiyo yuko ndani," alisema.

Polisi aliyekuja, naibu wa sherifu, aliitwa Boyd Ansley. Alipofika alifuta viatu kwenye kizulia, akapita mlangoni, akavua kofia. Alipima kwa utepe kutoka kizingiti hadi kwenye viatu vya Nadine, akaandika. Kisha akamfuata Colette.

"Mama, mlango ulikuwa pale?"

"Si unauona."

"Nauona. Nakuuliza saa tisa mlango ulikuwa wapi."

Gerard alikuwa amekaa ngazini, mikono kati ya magoti. Colette alimtazama, kisha akautazama mlango.

"Ulikuwa pale pale unapouona," alisema.

"Basi hakuna kesi," Boyd alisema, akampigapiga Gerard begani. "Pole sana, bwana. Siku kama hizi ni ngumu kwa mwenye nyumba."

Nyumba ilibaki na tundu mbele. Mvua iliingia, majani makavu yaliingia, na mara moja kulungu aliingia akasimama sebuleni mpaka Colette alipomfukuza kwa ufagio. Walimwita fundi seremala, mzee mmoja aliyeitwa Orville. Alifunga kamba kwenye fremu, akaleta wanaume wanne, wakavuta hadi adhuhuri. Mlango haukusogea.

"Huu haung'oki," Orville alisema akikunja kamba. "Ulisema mlango ulikuwa hapa, basi umekaa hapa. Sema ulikuwa kule, utarudi wenyewe. Nilishaona mmoja hivyo hivyo ng'ambo ya mto."

"Na ukirudi?" Colette aliuliza.

"Ukirudi nyuma hata shubiri moja, mama, mumeo ana kesi." Akapakia vifaa vyake. "Mie ningetundika turubai."

Wakatundika turubai. Curtis, jirani wa ng'ambo ya barabara, alimtania Gerard kila alipomwona.

"Bwana Gerard! Mlango wako umetembea kuliko wewe tangu uhamie! Wangu umekaa tu, kama mama mkwe aliyekuja wikiendi!"

Waliopita karibu na sanduku la barua walizoea kuinua mikono yote miwili, kwa adabu tu, huku wakiendelea na mazungumzo yao. Chakula hakikukoma. Yalikuja mabakuli tisa, yakaachwa barabarani nje ya kizingiti, na walioyaleta walirudi kinyumenyume. Colette aliyala. Yalikuwa matamu, na aibu haikumzuia kushiba.

Mwezi wa kumi, asubuhi, kengele ililia. Colette alivuka majani, akafungua. Nje alisimama Emmett Tolliver, mume wa Nadine, amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Angeweza kuuzunguka mlango. Alisubiri afunguliwe.

"Samahani kukusumbua, mama," alisema. "Nina swali moja, kisha naondoka. Nadine alikuwa anakuja, au alikuwa ameshageuka?"

Colette alishika kitasa.

"Alikuwa mwoga yule," Emmett alisema. "Hata kile kijibwa cha Curtis alikikimbia, nami nilikuwa namcheka. Kama alikuwa anakuja, basi hakujua kitu. Kama aligeuka, aliona. Aliogopa, na mimi nilikuwa nyumbani naangalia mpira."

Fremu ilianza kutikisika. Kizingiti kiliinuka kidogo kwenye udongo, kama mtu aliyeitwa jina anayetaka kusimama. Colette aliuona uso wa Gerard kwenye pembe ya turubai. Hakuwa na bastola. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, akimwomba.

"Alikuwa anakuja," Colette alisema.

"Unaapa?"

"Alikuwa anatabasamu."

Emmett alifumba macho. "Asante," alisema. "Mungu akubariki, mama. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza."

Mlango ukasogea mbele hatua moja. Emmett akarudi nyuma kuupisha, hadi kwenye lami, na akaomba radhi kwa kusimama njiani.

Colette akafunga. Hakukuwa na ukuta kulia wala kushoto, kwa hiyo alibana viwiko mbavuni, akapanga miguu pamoja, akasimama nyuma ya ubao ule mwembamba ili Emmett asimwone anapogeuka kurudi nyumbani.