Kadi ya Evodia

Tangu saa moja asubuhi Cornelia alikuwa hajakaa. Benchi la nje ya mahakama, pale Sumbawanga, lilikuwa tupu, lakini yeye alikwenda hadi kwenye bomba la maji, akarudi, akamfunga mtoto kitenge, akakifungua, akaenda tena.

"Unaitwa nani?"

"Evodia."

"Sema kwa sauti. Hakimu hanong'onezwi."

"Evodia!"

Mtoto huyo alikuwa anaitwa Jenifer. Alikuwa na miaka sita, na mguu wa kushoto aliuburuta tangu alipoanza kutembea. Alipokuwa mchanga, nesi wa zahanati ya kijijini kwao, upande wa Kate, alimdunga sindano ya chanjo pasipotakiwa, ikagusa mshipa wa fahamu. Daktari aliyempima baadaye hakuzunguka: chanjo haikuwa na ubaya wowote, mkono wa nesi ndio uliokosea. Mguu ungeweza kupasuliwa ukanyooka, ila upesi, kabla mifupa haijakomaa. Lakini siku hizi hospitalini unatakiwa uchangie gharama, na upasuaji wa namna hiyo watu wa mahindi na ulezi huusikia tu. Ndiyo maana Cornelia alitaka fidia, na aliitaka mwaka huu huu.

Kilichomkwamisha kilikuwa cha kijinga, na mwenyewe alilijua hilo. Mwaka aliozaliwa Jenifer, kadi za kliniki zilikwisha. Nesi akawaambia kina mama, mwenye kadi ya zamani yenye nafasi aje nayo. Cornelia akaenda na kadi ya Evodia, binti yake wa kwanza, aliyefariki kwa surua kabla hajamaliza chanjo. Kifo hicho ndicho kilichomfanya asikose kliniki hata siku moja. Nesi akajaza nafasi zilizobaki, akaandika jina lile lile daftarini, kisha akahamishwa, na hakuna aliyejua aliko. Kwenye karatasi, aliyedungwa sindano ile alikuwa Evodia. Jenifer hakuwahi kuonekana zahanati.

"Basi huyu na awe Evodia," alisema Polikarp. Polikarp alikuwa karani wa shirika la umma hadi lilipouzwa. Akapunguzwa kazi, akanunua mashine ya taipu, akaweka meza mtaa wa Chanji, mjini hapo, na kujiita mtaalamu wa sheria. "Jina tu, mama. Umri usipolingana, tutasema amedumaa. Nani atakwenda kufukua?"

Neno kufukua lilimchoma Cornelia, lakini alikubali. Njia nzima, juu ya lori la magunia, alimfundisha mtoto jina la marehemu, na kila alipoitika vizuri alimpa karanga. Yeye mwenyewe hakuweza kutia kitu mdomoni.

Waliitwa saa tano. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, aliisoma kadi, kisha akasoma karatasi ya parokiani iliyoletwa na upande wa halmashauri, mwenye zahanati na mshtakiwa. Akamwita mtoto mbele.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Evodia."

Cornelia akashusha pumzi.

"Vizuri. Hapa naona mama yako alibatizisha mabinti wawili. Jenifer yuko wapi?"

Hilo hawakufundishana. Polikarp alikohoa. Mtoto alimtazama mama yake, akafikiri sana. Alijua kwao wasichana walikuwa wawili, na mmoja hayupo.

"Jenifer alikufa," akasema. "Tulimzika."

Cornelia hakujua amefikaje mbele.

"Hajafa! Mheshimiwa, hajafa, huyu ndiye Jenifer! Aliyekufa ni Evodia, nilimzika mwenyewe! Kadi ni ya marehemu, mguu ni wa huyu!"

Alilia waziwazi, wala hakuona aibu. Nyuma yake alisikia Polikarp anakusanya karatasi zake. Fidia imekwenda, na mguu umekwenda nayo, alijua hivyo, na bado alikuwa ameushika uso wa mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kitu chake.

Hakimu alisubiri watu watulie. Akavua miwani, akainama mbele.

"Mwanangu, usiogope. Niambie sasa. Unaitwa nani?"

Mtoto alimtazama Polikarp, akamtazama mama yake, akasubiri aambiwe.