Viganja Viwili Mgongoni

Alama zile zilikuwa mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, na ukiziangalia vizuri uliweza kuhesabu vidole. Shati lilikuwa la samawati iliyofifia, na mahali palipoingia maji rangi ilikolea, hata mgongo wa kijana yule ukawa kama umeshikwa na mtu asiyeonekana. Akavuka kizingiti. Mama yake akaliacha beseni la nguo, akainuka, mikono inachuruzika povu. Wakakumbatiana bila kusema neno.

Sebuleni kwetu, shangazi alivuta kamasi kwa kishindo.

"Jamani! Mtu analizwa hivi Jumapili mchana, hata nywele sijasuka?"

"Na ukisuka ndiyo utalia vizuri?" mama akamjibu, naye akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nilikuwa nyuma yao, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mahali ninapokaa siku zote wageni wakija. Mama alikuwa ameitoa televisheni chumbani kwake tangu asubuhi na kuipanga sebuleni kama bibi harusi, kwa sababu mwisho wa makala jina langu lingepita kwenye kioo, kwa herufi ndogo, kwa sekunde mbili: mpiga picha. Mimi sina ajira. Huitwa kazi kwa kazi, na kati ya kazi moja na nyingine hukaa nikiitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Simu hiyo ilitetemeka mapajani mwangu wakati ule ule. Ulikuwa ujumbe wa mwongozaji: "Ule ukimya! Una jicho wewe. Jiandae, kuna safari nyingine mwezi ujao."

Niliugeuza uso wa simu chini.

"Lakini hebu," mama alisema taratibu. "Mbona shati lilikuwa limelowa kabla hajamshika?"

"Jasho hilo," shangazi akasema. "Mtu katoka mbali."

"Jasho halina vidole."

Mama yangu amefua nguo za watu miaka ishirini. Doa kwake ni kama sura ya mtu. Akiliona mara moja halisahau, na atakwambia limetoka wapi. Mhariri aliitazama picha ile labda mara mia. Mwongozaji aliitazama, na wakubwa wa kituo waliitazama. Aliyeona ni mama, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akageuza shingo kunitafuta. Uso uliniiva hadi masikioni. Nikainuka, nikaingia jikoni kana kwamba kuna kitu kinachemka.

Kijana yule alikuwa amefungwa miaka tisa kwa kosa ambalo mahakama, mwisho wa yote, ilikiri kwamba hakulitenda. Makala yetu ilikuwa juu ya miaka hiyo tisa, lakini mwongozaji hakuficha kwamba alikuwa akitaka kitu kimoja tu: mlango. "Mengine yote ni maneno," alisema. "Nipe mama anamwona mwanawe, basi." Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Dakika Moja, maana kila alichoomba kilikuwa cha dakika moja, hata kikila kutwa nzima. Siku hiyo alibaki barabarani kwenye gari. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, na watu wetu wawili wangekuwa wengi. Akaniambia nimfuate kijana peke yangu.

"Wewe huna makelele," alisema. "Watakusahau."

Ni kweli, mimi husahaulika. Nadhani hata kamera niliichagua kwa sababu hiyo. Ukiwa nayo usoni, hakuna anayekuuliza unafikiria nini. Na nilikuwa nimefanya kile tunachofanya wengi: nimebandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa nyekundu ya mbele, ile inayowaka kamera inaporekodi, ili wanaopigwa picha wasiikumbuke.

Sasa, kitufe cha kurekodi ni kimoja. Ukikibonyeza, kamera inaanza; ukikibonyeza tena, inaacha. Lakini ukikibonyeza mara moja ya ziada bila kujua, mambo yote yanageuka: unapodhani unarekodi, umezima, na unapodhani umezima, unarekodi. Kila mpiga picha analijua kosa hilo, na kila mmoja atakuapia kwamba limewapata wenzake tu.

Nilianza kurekodi kijana aliposhuka kwenye gari. Uchochoroni moyo ulinienda mbio. Nilikuwa naona kisogo chake, masikio yake, jinsi alivyokuwa akipunguza mwendo kila tulipokaribia, nikasahau kwamba nilishaanza. Nikabonyeza tena. Ndani ya kitundu cha kutazamia kuna kidoa chekundu ambacho kingenionya, lakini macho yangu yalikuwa yamejaa. Kila kitu mle ndani kilikuwa kama kimezamishwa majini: mlango, beseni, mwanamke aliyeinua uso na kusahau kuufunga mdomo wake. Alimrukia mwanawe na povu lake mikononi. Nililia nyuma ya kamera kama mtoto. Kisha, nilipoona imetosha, nikabonyeza ili nizime, nikaiteremsha kamera ikaning'inia mkononi. Nilidhani wanastahili muda kidogo bila jicho langu. Wakaendelea kushikana na kunong'onezana, nami nikajifuta uso kwa bega.

Nilipotazama kioo cha pembeni, tarakimu zilikuwa zinakimbia. Zilitakiwa ziwe zimesimama.

Nilielewa pale pale, bila hata kurudisha nyuma, kwamba miaka tisa imefika mlangoni na mimi sikuwa nayo kwenye kamera. Ningeweza kwenda barabarani nikamwambia Dakika Moja: nimekosa. Angefoka. Pengine asingeniita tena. Jambo lingeishia kati yangu na yeye, barabarani, mbali na chumba kile. Badala yake niliisikia sauti yangu, laini, ya adabu, ile ninayoitumia kuomba kupishwa kwenye foleni:

"Samahani mama. Mwanga haukuwa mzuri. Tunaweza kurudia?"

Nikabonyeza kuizima, na mama akamwachia mwanawe. Hakuitazama kamera, alinitazama mimi.

"Unatetemeka hivyo kwa ajili ya mwanga?"

"Ndiyo, mama."

"Watakugombeza?"

Niliinamisha macho.

"Basi usilie, binti. Turudie. Tumesubiri miaka tisa, dakika mbili ndizo zitatuua?" Akarudi kwenye beseni, akachutama, na bila kuambiwa na mtu akaitumbukiza mikono yake tena kwenye povu, mpaka viwikoni, kama ilivyokuwa mwanzo. Alitaka kazi yangu ipendeze. "Haya, baba, toka tena," akamwambia mwanawe. "Dada yako huyu asiharibikiwe."

Kijana akatoka. Hakuuliza kwa nini. Nilipomfuata nilimkuta hatua tatu kutoka mlangoni, miguu sawa, macho mbele, mikono nyuma, kiganja kimoja ndani ya kingine. Hakuna aliyemwambia asimame hivyo. Nikabonyeza kitufe, nikahakikisha mara tatu kwamba kidoa chekundu kipo. Alikuwa bado anangoja.

"Niingie?" aliuliza bila kugeuka.

"Ingia," nikasema.

Alipopiga hatua ya kwanza ndipo nilipoona viganja vya mama yake kwenye shati, vikiwa vimetangulia kufika. Niliviona vizuri. Sikuthubutu kuomba mara ya tatu. Wakakumbatiana kimya, kwa sababu ya kusema walikuwa wameshayasema, na huo ndio ukimya ambao Dakika Moja aliupenda. Swali la kijana lilikatwa na mhariri. Jioni ile, kabla ya kukabidhi kadi ya kamera, nilikinakili kile kipande cha kamera iliyoning'inia, nikakificha kwenye kompyuta yangu. Halafu nikakifuta kwenye kadi. Mwongozaji hajui hadi leo kwamba kilikuwepo.

Haya yote nilimweleza mama jikoni, nikiwa nimempa mgongo, nikisugua kikombe kilichokuwa kisafi. Shangazi alikuwa sebuleni akibishana na matangazo ya sabuni. Mama alisikiliza huku akikunja kitambaa cha sahani, akakikunja mara ya nne mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

"Kwa hiyo kijana wa watu alikuuliza kama aingie kwao," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamruhusu."

Aliweka kitambaa mezani, akakilainisha kwa kiganja, akarudi kwa shangazi. Ningemshukuru kama angenigombeza.

Jumanne nilikwenda kwa kijana yule na mama yake. Sikuchukua kamera, nilibeba kompyuta tu kwenye mkoba. Kabla ya kuondoka nilikaa nayo kitandani karibu saa nzima, kidole kwenye kitufe cha kukata. Kipande kina dakika moja na sekunde arobaini. Sauti yangu inaingia sekunde kumi na tano kabla ya mwisho. Kukata sekunde kumi na tano ni kazi ya kupepesa jicho. Nilijifunza mwaka wa kwanza chuoni. Nilikata. Nikakitazama kilivyobaki, kizuri, kisafi, kana kwamba mimi sikuwamo chumbani. Nikarudisha zile sekunde kama zilivyokuwa, nikafunga mkoba kwa haraka nisije nikabadili mawazo.

Mlango wao ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe. Kijana alikuwa ameketi kwenye kizingiti chenyewe, nusu ndani, nusu nje, akikaza skrubu za mguu wa kiti.

"Shikamoo mama," niliita kutoka nje.

"Marahaba! Nani? Eh, dada wa kamera!" Mama yake alitoka akijifuta mikono. "Leo umeliacha wapi jicho lako? Pita, pita. Tumejiona juzi. Nimekuwa mnene kwenye hiyo televisheni yenu, au ni nyinyi mmeninenepesha?"

"Hafungi mlango siku hizi, huyu," aliongeza, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Usiku na mchana. Mbu wote wa mtaa ni wageni wetu."

Kijana alitabasamu kidogo, akasogeza magoti ili nipite. Nikabaki nimesimama palepale. Nilikuwa nimeipanga hotuba njiani kote, ikayeyuka yote.

"Mama, mwanga ulikuwa mzuri," nilisema. "Siku ile. Nilikosea kubonyeza kitufe. Sikupata kitu, nikaogopa, nikawadanganya. Nikamtoa nje."

Mama yake alinitazama, kisha akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kooni.

"Mwanga gani, binti, na jua limejaa chumba kizima? Nilijua."

"Mimi pia," kijana akasema. Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza.

Kilichokuwa rahisi kwa mama yake hakikuwa rahisi kwake, na nililiona hilo vizuri zaidi bila kamera. Nikafungua mkoba. Nikawaambia kuna kipande cha picha ambacho ni chao, hakionyeshi nyuso, na kwamba mwishoni wataisikia sauti yangu. Niliiweka kompyuta juu ya kile kiti, mguu wake mpya ukiwa imara. Mama akachutama mbele yake. Kijana alibaki kwenye kizingiti, akanyoosha shingo.

Kioo kilionyesha sakafu, imepinda kushoto. Viatu vya kijana, vipya, kamba zimefungwa kwa mafundo mawili. Mbele yake miguu ya mama, peku, yenye maji, na visigino vyake vimenyanyuka juu, maana mwanawe alimzidi kimo.

"Umerefuka," ilisema sauti ya mama.

"Hapana, mama. Ni wewe umefupika."

Kicheko na kilio kwa pamoja. Visigino vikashuka, vikapanda tena.

"Nina sabuni, nakuchafua shati."

"Chafua tu."

"Umekula?"

"Chafua tu, mama."

Halafu hakukuwa na maneno, ila pumzi, na tone la maji likidondoka karibu na kiatu, na jingine. Halafu sauti laini, ya adabu, iliyo karibu mno kuliko zote: "Samahani mama. Mwanga haukuwa mzuri. Tunaweza kurudia?"

Nje mtu alipita akikokota mfuko wa kokoto. Mama yule alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Viatu, visigino, umerefuka, chafua tu. Samahani mama. Akasema tena, "Rudisha," na safari hii kijana akaweka bisibisi chini, akaingia ndani, akachutama kando ya mama yake, mabega yamegusana. Nikasogeza kidole changu taratibu juu ya kitufe, tayari kusimamisha kabla sijaanza kuongea, angalau mara hii moja niwaachie mwisho ulio mzuri.

"Acha iende," kijana alisema, macho kwenye kioo.

Nikaondoa kidole. Sikujua mikono niiweke wapi bila kamera, nikajikuta nimeipeleka nyuma, kiganja kimoja ndani ya kingine, nimesimama karibu na mlango ulio wazi. Kwenye kioo, visigino vya mama yake vilikuwa vinanyanyuka tena.