Ukuta wa Askari

Bramwel, mwalimu wa hesabu kutoka Changamwe, alikuwa mwamuzi wa mashindano ya sataranji ya kuteua timu ya mtaa. Mchezo wa mwisho, baina ya kijana Waleed na Bi Barke, fundi cherehani wa Mtongwe, ulikuwa haujaisha wenye ukumbi walipoutaka ukumbi wao. Ubaoni walibaki wafalme wawili na askari tu, Waleed akiwa na askari wawili zaidi. Bi Barke alisema ni sare: askari wamekabana uso kwa uso toka ukingo huu hadi ule, mfalme hana pa kupenya.

Uamuzi ukawa wa Bramwel, naye akauingiza mchezo kwenye programu ya sataranji ya simu yake. Ikampa Waleed ushindi wa alama mbili na nusu.

"Mama, hii huona hatua milioni," akasema, ukumbi mzima ukisikia. "Wewe waona ngapi?"

Watu wakacheka. Bi Barke akajitanda mtandio wake, akatoka. Nafasi ya timu akapewa Waleed.

Jumapili, baada ya kanisa, Bramwel aliuendeleza mchezo ule ili baadaye awaonyeshe wanafunzi wake ushindi unavyopatikana. Akaiacha programu icheze pande zote mbili. Mfalme akaenda kulia, akarudi kushoto. Hatua ya ishirini, ya arobaini. Alama zile zile, wala askari hata mmoja hakusogea. Programu ilikuwa ikihesabu askari, ukuta haiuoni. Yule mama aliuona kwa jicho tu. Uso ukamwaka moto Bramwel, naye yu peke yake chumbani.

Kesho yake alivuka feri hadi Mtongwe. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza alivyokosea. Alipomaliza kukiri, Bi Barke alikuwa bado anakunja pindo la buibui.

"Kukosea si neno, mwalimu," akasema. "Lakini ulinidhihaki mbele za watu. Hapa cherehanini nakusikia mimi tu."

Jumamosi Bramwel akasimama mbele ya wachezaji wote, akayasema yote, hata lile neno lake la kejeli. Safari hii hakuna aliyecheka. Waleed mwenyewe akataka warudie mchezo. Wakarudia, na Bi Barke akashindwa kwa haki. Akampa kijana mkono, akamtakia heri.

Bramwel naye akanyoosha wake. Bi Barke aliupokea kwa adabu, lakini hakumtazama. Mpaka leo Bramwel akimwona kivukoni huinamisha kichwa, akangoja apite.