Kikohozi Upande wa Msitu

Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kobusingye alikificha kikohozi chenyewe, na kwa asubuhi moja alifaulu.

Nyumba yake ya wageni ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu wa Bwindi: vyumba vya udongo, maji ya moto ya ndoo, viazi na maharage jioni. Mahoteli makubwa yalijikalia kileleni huko na pua juu. Kwake walishukia wale waliojinyima wakapata kibali cha kuwaona gorila, kisha wakabaki na hela ya kulala tu. Kwa hiyo msichana mmoja Mholanzi alipoamka akikohoa na kulia, Kobusingye alimwonea huruma. Mwenye mafua haingii msituni. Mafua yetu huwaua gorila, na hakuna asiyelijua hilo. Lakini binti wa watu alikuwa amedunduliza tangu shuleni. Kobusingye akachuma majani machungu ya omubirizi uani, akayachemsha, akatia asali, akamnywesha mpaka kifua kikanyamaza.

"Langoni usicheke," alimwonya. "Ukicheka tu, kitatoka."

Aliyesimama langoni mwa msitu kuwasikiliza wageni vifua alikuwa mumewe mwenyewe, Tindyebwa, mfuata nyayo za gorila. Masikio yake yalisifiwa kijiji kizima. Msichana akapita. Jioni alirudi na furaha tele, akasimulia kwamba jike mwenye mtoto alimsogelea karibu mno, hata yeye akashusha barakoa apige picha vizuri. Kesho yake akaenda zake kwao.

Siku chache baadaye, ukungu ukiwa umelala hadi mlangoni mchana kutwa, Kobusingye alikuwa akitandika kitanda katika chumba cha upande wa msitu. Akasikia kikohozi nje ya dirisha. Kilikuwa kikavu, cha haraka haraka, kikimalizika kwa kimoja kirefu cha kukwaruza, vile vile alivyokohoa yule msichana. Alisukuma dirisha akaona majani ya migomba yakitikisika, na mtu hakuna.

Kesho yake kilirudi. Safari hii alimwona. Jike la gorila lilikuwa limeketi kati ya migomba, halili, halivunji kitu, limempakata mtoto ambaye shingo yake ilikuwa imelegea na nzi wamemjaa. Lilikuwa likitazama dirisha. Likakohoa, kisha likatulia, likangoja kana kwamba ni zamu ya mtu wa ndani kujibu.

Wageni walishangilia. Kumwona gorila kutoka kitandani, tena bila kibali! Habari zikaenea, vyumba vikajaa, na Kobusingye akatandika vitanda. Aliogopa, na aliona haya kuipokea riziki ile.

Tindyebwa naye alirudi kutoka kazini amenyong'onyea. Alisema familia nzima inakohoa, hata dume kubwa, na mkuu wao anataka kujua ni nani aliyempitisha mgonjwa. Akasema amekwisha kumwambia mkuu kuwa masikio yake yamezeeka, na kwamba atarudisha sare. Mtu huyo hakuwa na kazi nyingine duniani, na aliwapenda wanyama wale kuliko mbuzi wake. Kobusingye alimsikiliza, uji ukapoa mikononi mwake. Akisema ukweli, nyumba itafungwa. Asiposema, mumewe ataishi akijiona kiziwi.

Kulipopambazuka alipita mlangoni pa kile chumba cha upande wa msitu. Kizingitini alikuwa amelazwa yule mtoto wa gorila, amefunikwa majani mabichi vizuri. Mama yake hakuonekana.

Tindyebwa alitokea na jembe.

"Tumzike migombani, Mama Ainembabazi, wageni hawajaamka. Daktari wa mbuga akimpasua atajua ni mafua ya mtu. Wataanza kuuliza huyo mtu alilala wapi."

"Masikio yako hayana kosa," Kobusingye alisema. "Nilimnywesha yule msichana omubirizi."

Mumewe aliegemea mpini, akainama.

"Nilinusa," alisema. "Kinywa chake kilinuka omubirizi wa uani kwangu. Nikasema huyu ni mgeni wa nyumbani, basi apite."

Kobusingye alitamani kumzaba kofi. Usiku kucha alikuwa akiyahurumia masikio mazima! Kisha hasira zikamwisha, akabaki na uchungu mtupu. Alifungua kanga kiunoni, akamviringisha mtoto, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akashika njia ya langoni.

"Watatufungia," Tindyebwa alisema.

"Wafunge."

Kwao mgeni haachwi aondoke peke yake, husindikizwa. Alipopita migomba, upande wa kulia ndani ya ukungu, kitu kizito kilianza kukanyaga majani sambamba naye. Akisimama, nacho kilisimama. Hakuthubutu kugeuka. Mikono ilimuuma, lakini hakumshusha yule mtoto.

Kikohozi kikatoka majanini.

"Pole," Kobusingye akasema, na hatua zile zikasogea karibu.