Tumbusi wa Kipsing

Mtu asiniambie tumbusi ni ndege mchafu. Maneno hayo nimeyasikia kwa mwalimu, nimeyasikia kwa mchungaji wa kanisa, hata kwa Ndungu anayeuza dawa za mifugo mjini Isiolo, ambaye hajawahi kulala porini usiku mmoja. Wote hawajawahi kutafuta mnyama aliyepotea. Wangewahi, wangefunga mdomo.

Mume wangu Emanikor ndiye aliyenifundisha kuwasoma. Mimi nililelewa karibu na mji, na kwangu ndege aliyekuwa na maana ni kuku. Tulipohamia huku upande wa Kipsing alikuwa ananilaza chali kwenye mchanga wa laga, mto wetu usio na maji, na kunionyesha juu. Asubuhi, aliniambia, tumbusi hawaruki. Ni wazito. Wanakaa juu ya migunga wamefungua mabawa, wakingoja ardhi ipate moto, ndipo upepo wa joto uwainue bila wao kupiga bawa. Wakizunguka juu sana, wanatafuta tu, usihangaike. Lakini mmoja akikunja mabawa na kuteremka miguu ikining'inia, kuna kitu kimekufa. Mwenzake wa mbali anamwona, naye anakuja. Wa mbali zaidi anamwona huyo. Kabla jua halijafika utosini utakuta tumbusi wadogo, wale wa mgongo-mweupe, wamejaa wakigombana, kisha anatua yule mkubwa wa kichwa chekundu kilichokunjamana, na wote wanampisha njia.

"Kichwa yake haina manyoya," Emanikor alikuwa akisema, "ndio aingize ndani ya tumbo na atoke safi. Sasa nani mchafu, yeye ama wewe unakula na mikono?"

Nilikuwa nacheka. Huku kwetu mbuzi akipotea, ngamia akizaa vibaya, mtu anapanda jiwe na kuangalia juu. Tumbusi wakiteremka, unakwenda. Wasipoteremka, mnyama wako yuko hai mahali, na unaweza kulala. Hatukuhitaji mtandao wa simu, ambao hata hivyo haupo.

Sasa niseme habari za Lodio, mdogo wake Emanikor. Nitasema yote, kwa sababu siku hizi anapenda kujionyesha mtu wa maombi.

Mwaka wa uchaguzi wa pili wa magavana, simba alikamata mtamba wa Lodio. Mtamba mzuri, sikatai. Lodio akaenda mjini kutafuta fidia, akazungushwa ofisi hii na ile, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa afisa yuko semina. Hasira ile ninaielewa. Nisichokielewa ni alichofanya nayo. Alipita kwa Ndungu akanunua dawa ya wadudu, ile ya punje za zambarau, iliyofungwa kwenye karatasi ya sukari. Akaja akainyunyiza kwenye mzoga wa mtamba, kisha akainyunyiza pia kwenye punda mmoja aliyekufa upande wa pili wa laga. Eti anategea simba.

Simba hakurudi hata kunusa. Waliokuja ni wengine.

Niliwaona asubuhi ya kesho yake nilipokwenda kuchimba maji. Walikuwa wamelala kuzunguka mzoga, mabawa wazi, makucha yamekunjwa kama ngumi. Wengine walikuwa wamefika kwenye migunga wakafia huko juu, wakining'inia kichwa chini. Mmoja bado alikuwa anatembea. Alikuwa anapepesuka, shingo inaanguka, anainua, inaanguka, na akanitazama. Fisi wawili walikuwa pale pia, na bweha. Hata nzi waliotua kwenye ile nyama hawakuinuka tena. Nilidondosha mtungi nikakimbia kumwita Emanikor.

Alifika, akasimama. Lodio alikuja nyuma yetu akichokonoa meno.

"Umefanya nini?" Emanikor akamuuliza.

"Nimetega simba."

"Simba iko wapi?"

"Itakuja."

"Hii ndege yote ndio ilikula ng'ombe yako?"

"Ndege ni ndege tu," Lodio akasema. "Kwani iko na mwenyewe?"

"Iko na mwenyewe. Ni mimi."

Lodio akacheka. Emanikor akampiga kofi mbele yangu, na Lodio akatoa rungu, na kama si jirani yetu Lokaale kuingia katikati, wangeuana palepale kati ya ndege. Waliachana wakitukanana matusi ya mama yao mmoja. Kisha mume wangu akakusanya kuni, akavuta mizoga yote kwa fimbo ili asiiguse, akaichoma. Moshi wake ulitutapisha.

"Tumbusi anataga yai moja," aliniambia usiku huo. "Moja tu kwa mwaka, na wakati mwingine hataki. Nakaale akiwa mama mzee, labda watakuwa wamerudi." Nakaale ni binti yetu. Wakati ule alikuwa bado hajatoa meno yote.

Askari wa hifadhi walipokuja kuuliza nani kaweka sumu, watu waliitwa chini ya mgunga wa baraza. Lodio alikaa nyuma kabisa amevuta kofia hadi machoni. Nilikuwa tayari kumtaja. Emanikor alinikanyaga mguu, akasimama yeye, akasema sisi hatujui, labda ni wapitaji. Nilimuuliza njiani kwa nini.

"Ni ndugu yangu, Mama Nakaale. Nikimtoa, nitakula na nani?"

Kula kwenyewe walikuwa hawali pamoja tena. Kila mmoja alipitia mlango wake, na watoto wetu walikatazwa kuvuka uwanja kwenda kwa Lodio. Lakini alimficha. Hilo nataka likumbukwe.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri sana. Nyasi zikafika kiunoni. Ng'ombe wakanona, na juu yetu mbingu ikabaki tupu. Kunguru walikuwepo, mwewe walikuwepo, kanga wa shingo za bluu walikuwa wanafukua uwanjani bila adabu. Lakini wale wakubwa wa kuzunguka, hapana. Mwanzoni unaona kitu kinakosekana. Baadaye unazoea, na kuzoea ndiko kubaya.

Emanikor alikuwa na ngamia jike mweupe. Nilikuwa namtania kwamba alikosea kunioa mimi, angemtolea mahari yule. Ngamia huyo alipotea kuelekea vilima vya magharibi, na Emanikor akachukua kibuyu cha maziwa, kisu na kamba, akamfuata. Usiku mvua ilinyesha ikafuta nyayo zote. Hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata.

Wanaume walikusanyika kwangu. Lodio akaja pia, akavuka ule uwanja kwa mara ya kwanza tangu kofi. Sikumfukuza, kwa sababu nilihitaji miguu ya kila mtu. Lokaale alisema twende vilimani, maana huko ndiko alikoelekea. Lodio akapanda jiwe. Akaweka mkono juu ya macho, akazunguka polepole, akishika mkao uleule wa kaka yake.

"Angalia juu, shemeji," akaniambia. "Huko kwa milima hakuna ndege. Hata moja. Ndugu yangu iko hai. Anatembea na ngamia yake. Hiyo ngamia imeshuka Kipsing kwa ngamia zingine, na yeye ameshuka nayo. Twende chini, tumpate barabarani."

Niliona wanaume wanatulia mabega. Hivyo ndivyo tulivyokuzwa sote: mbingu tupu ni habari njema. Hata mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, halafu ukaanguka kama jiwe kisimani.

"Lodio," nikasema, "hiyo ndege ungeiona wapi? Si uliimaliza?"

"Mama Nakaale, usilete maneno ya zamani mtu akiwa amepotea."

"Nakuuliza. Umeona tumbusi mwaka huu?"

Aliwageukia wengine akasema mwanamke akiwa na hofu huongea ovyo. Na wanaume, ambao kila mmoja alikuwa na macho, walimfuata kwenda chini. Kufuata ilikuwa rahisi, kwa sababu huko hakuna maiti. Lokaale peke yake alisitasita, halafu naye akaenda, maana mtu mmoja hapandi vile vilima na wezi wa mifugo wako karibu. Nilipiga kelele nyuma yao mpaka sauti ikakauka. Nilimchukia kila mmoja wao kwa jina.

Walizunguka Kipsing siku hiyo na iliyofuata, wakiuliza madukani, wakituma bodaboda. Walirudi bila kitu, na Lodio bado anasema mbingu ni tupu, tumshukuru Mungu.

Siku ya sita tangu aondoke, upepo uligeuka. Ulitoka vilimani, na ulikuja na harufu. Si harufu ndogo ya mzoga ulioliwa, ambao siku moja unakuwa mifupa na ngozi. Hii ilikuwa nzito, inakaa kwenye ulimi. Lokaale alikuja mlangoni kwangu akiwa tayari ameshika mkuki wake. Safari hii sikuomba ruhusa ya mtu. Nilitangulia mbele na wao wakanifuata, Lodio akiwa wa mwisho.

Tulimkuta ngamia mweupe kwanza, kwenye uwazi juu ya korongo, mahali pasipo mti hata mmoja. Alikuwa mzima. Simaanishi hai, namaanisha kwamba nyama yote ilikuwepo, imevimba, inachemka funza. Kunguru walikuwa wamedonoa macho, basi. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya Emanikor. Koo lilikuwa limekatwa kwa kisu. Na tumbo lilikuwa limepasuliwa kutoka kifuani hadi nyuma, ngozi imevutwa pande zote mbili, matumbo yametolewa nje yakaelekezwa juani.

Emanikor alikuwa hatua chache kutoka pale, amelala chali. Paja lake lilikuwa limevunjika, amelifunga kwa kipande cha shuka na fimbo yake. Ungeweza kuona kwenye matope njia aliyojiburuta kutoka korongoni. Kwenye korongo kulikuwa na kivuli, na chini kabisa maji ya mvua yalikuwa bado yanametameta. Alikuwa ameviacha vyote viwili akapanda juu kwenye jua. Kibuyu kilikuwa kitupu. Kisu kilikuwa mkononi.

Mashariki tulikuwa tunaona moshi wa nyumba zetu wenyewe. Hakuwa mbali.

"Ni wezi," Lodio akasema nyuma yetu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wezi ndio wamefanya hii."

"Mwizi achinje ngamia aache nyama?" Lokaale akasema. "Mwizi aache kisu kwa mkono ya mtu?"

"Basi alikuwa na njaa."

"Hajakata hata kipande. Angalia."

Nikasema mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa, na nilitaka atakayesikia asikie kutoka kwangu. "Alikuwa anatuita. Hangeweza kutembea, na hapa hakuna simu. Alimuua mnyama aliyempenda kuliko watu wote, akamfungua ili waone kutoka juu. Alijua wakiteremka, sisi tutakuja. Akalala hapa akingoja."

Nzi walikuwa wengi.

"Alikuita wewe, Lodio," nikaendelea. "Na wewe ulipanda jiwe ukatuambia hakuna ndege."

Lodio akafanya jambo ambalo sitamsamehe hata nikiwa kaburini. Aliinua uso akaangalia juu. Sisi sote tukajikuta tumeangalia pia. Ilikuwa bluu, safi, kutoka vilima hadi vilima. Kisha akakaa chini kwenye matope akajifunika kichwa kwa shuka, na hakuna mtu aliyemgusa bega.

Tulimzika mume wangu palepale. Baada ya matanga wazee walikuja na Lodio, wakaniambia desturi inajulikana, mdogo huingia kwenye nyumba ya kaka yake, watoto wasitawanyike. Lodio alikuwa amevaa shati la kanisani. Niliwapa wazee chai. Yeye sikumpa. Nikawaambia kwamba aliyelala vilimani alimficha mtu huyu mbele ya askari, na mimi sina kifua kikubwa hivyo, kesho naenda kumtaja. Na nilikwenda. Askari waliandika, wakanishukuru, wakamkamata, wakamwachilia baada ya juma moja. Basi tunaishi hivyo, uwanja mmoja na miiba katikati. Anasalimia. Siitiki.

Juzi, nikiwa nakama mbuzi, kivuli kilipita juu ya ardhi. Kikubwa, polepole. Mgongo-mweupe mmoja alitua juu ya mgunga ulio kati ya boma langu na la Lodio, akafungua mabawa, akaanza kujikausha. Alikuwa mchanga, manyoya bado ya kahawia.

Lodio alitoka nyumbani kwake. Alimwona. Akainama akaokota jiwe. Sijui ni mazoea, ni aibu, au alishindwa tu kutazamwa na ndege yule.

Niliacha mbuzi nikasimama. "Rusha," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu msiba. "Rusha, Lodio. Mimi niko hapa naangalia."

Alisimama na lile jiwe mpaka jua likapanda na ardhi ikapata moto. Ndege aliinuka bila kupiga bawa, akazunguka, akaelekea vilimani. Lodio akaweka jiwe chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikamalizia kukama.