Cheti Kilichotangulia Kazini

Miezi mitano Mama Mvuke alipanda ngazi za ofisi ya wakala wa ajira, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na miezi mitano akateremka mikono mitupu. Jina hilo la Mama Mvuke alipewa na wenzake katika kiwanda chake cha zamani, kile kilichofungwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke wa kuendeshea kiwanda kizima. Alipoanza wanaume walimcheka. Baadaye waliacha wenyewe, maana si busara kumcheka mtu anayekulinda usilipuke.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ndiyo waliyopewa watafuta kazi: benchi refu la mbao, feni isiyozunguka, na ukutani picha ya watu waliovaa helmeti mpya, wote wanacheka, wote meno meupe. Nyuma ya meza alikaa dada wa mapokezi aliyemwita kila mtu mpenzi, mzee kwa kijana, hata anapomfukuza. Siku ya kwanza alimwambia Mama Mvuke alete cheti chake halisi, si nakala, kwa kuwa waajiri wa siku hizi hawaamini fotokopi. Akakipokea kwa ncha za vidole, akakitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Na cheti hicho, jamani, hakikuokotwa njiani. Mama Mvuke alikisomea miaka mitatu, jioni baada ya kazi, akiwa na miaka thelathini na tisa, darasa moja na vijana waliokuwa wakimwamkia shikamoo kabla ya kumwomba awape majibu. Mkaguzi alimsimamisha mbele ya boila akamhoji saa mbili nzima, valvu kwa valvu. Kilikuwa na muhuri, namba, na picha yake iliyopigwa ukosi wa blauzi ukiwa umekunjika upande mmoja. Ukosi ule ulimkera kila alipokitazama, lakini cheti ni cheti.

Basi ikaanza danadana. Leo faili liko kwa Mkurugenzi. Kesho mtandao uko chini. Keshokutwa mwajiri amesafiri. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akipita na simu mbili na manukato yanayomtangulia mlangoni, na mara moja alisimama akamwambia kwa upole kwamba subira huvuta heri. Hao ndio wasemaji wa subira huvuta heri, watu waliokwisha kuivuta yao.

Lililomuuma zaidi ni kwamba kazi zilikuwepo. Viwanda viwili vilimwambia waziwazi: lete cheti halisi, uanze Jumatatu. Sheria ya boila ni kwamba cheti cha fundi kinatundikwa ukutani, ndani ya chumba cha boila lenyewe, ili mkaguzi akiingia ajue ni nani anayejibu. Bila cheti ukutani, moto hauwashwi. Alirudi kukidai, dada wa mapokezi akamwambia, mpenzi, ukikitoa sasa unavuruga mchakato, na itabidi uanze upya mwisho wa foleni. Kazi zote mbili zikapata wenyewe. Nyumbani mama mkwe wake, ambaye hakujaliwa kumeza neno, alimwambia bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, "Mwanangu, umemkabidhi fisi bucha, halafu kila wiki unakwenda kumuuliza nyama iko wapi."

Maneno hayo yalimwingia. Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake vya kazi, akaamua kutafuta mwenyewe, kiwanda kwa kiwanda, kwa miguu. Akifika mahali atasema cheti kipo, nipeni wiki moja. Hakuhitaji kuuliza njia, maana fundi boila husoma bomba la moshi kama wengine wanavyosoma gazeti. Akaliona moja, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sabuni, linatapika moshi mweusi tii. Moshi wa namna ile maana yake ni moto usio na mwenyewe. Hapa, akajisemea, wananihitaji na hawajui.

Mlinzi wa getini alimwonea huruma, akamruhusu aingie akamsubiri meneja uani. Chumba cha boila kilikuwa palepale uani, mlango wazi. Sasa wewe mwambie mtu wa kazi yake asichungulie. Akachungulia.

Ndani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamume mwenye ndevu na kofia ya sufu, kofia ya sufu katika joto lile, anafuta mikono kwa tambara. Mama Mvuke akamsalimu, naye akaitikia kwa adabu. Akatazama geji, ile saa ya kupimia nguvu ya mvuke, akatazama king'ora, kile kinachopaswa kupiga kelele maji yakipungua, akaona kimefungwa kitambaa kisilie. Kisha akatazama ukutani.

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, alikuwa yeye.

Muhuri wake. Namba yake. Ukosi wake uliokunjika. Miezi mitano ameambiwa kazi hakuna, kumbe cheti chake kimetangulia kazini, kimetundikwa, kimezoea mazingira, amebaki yeye tu kule kwenye benchi.

"Huyu ni nani?" akauliza, akionyesha kidole.

"Huyo ndiye fundi wetu mkuu," alisema Bwana Kofia. "Mimi mwenyewe sijawahi kumwona." Akageuka kutazama picha, akamtazama mgeni, akarudi kwenye picha, na tambara likamwanguka.

Hakuwa mtu mbaya. Alieleza yote bila kulazimishwa, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa. Wakala alimleta kwa ujira wa kibarua, akaambiwa kazi ni ndogo: atazame mshale usifike penye rangi nyekundu, na kila zamu asaini daftari kwa jina lililoandikwa kwenye kile cheti. Kuhusu maji, alisema kwa fahari kidogo, kazi yake ilikuwa safi. Akamwonyesha kile kijibomba cha kioo kilicho ubavuni mwa boila. "Maji yako palepale, nusu ya kioo. Wiki nzima hayajapanda wala kushuka."

Mama Mvuke akasahau hasira zote. Maji ya boila linalofanya kazi hayatulii wiki nzima, hupanda na kushuka kila dakika. Akasogeza uso karibu. Pale nusu ya kioo palikuwa na mstari wa kutu, doa la kahawia lililoganda zamani, na mwenzetu alikuwa akilisoma doa lile akidhani ni maji. Akafungua kikoki cha chini ya kioo. Ulitoka mvuke mtupu, bila hata tone.

Bwana Kofia, masikini, alielewa nusu, na kuelewa nusu ndiko kunakoua. Akaruka kwenda kuwasha kwa mkono pampu ya maji, ile ambayo siku zote hujiwasha yenyewe. Mama Mvuke akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiguse. Chuma kimekauka na kimeiva. Ukikimwagia maji ya baridi sasa hivi, ndugu zetu watatuokota kwa fagio."

Aliyewahi kusahau sufuria motoni, ikakauka, kisha akaimwagia maji, anajua inavyolia. Hii ilikuwa sufuria yenye ukubwa wa chumba, na nyuma ya ukuta walikuwa watu arobaini wanakata sabuni. Mama Mvuke alibonyeza kitufe chekundu, moto ukafa. Akafunga mafuta. Akafunga valvu kuu ya mvuke kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyofundishwa, akaandika saa kwenye daftari. Mabomba yakalia kidogo, yakanyamaza, na kiwanda kizima kikasimama. Ndipo akaketi kwenye ile ndoo.

Meneja alikuja anakimbia, tai imemfikia begani. Akataka kujua nani amezima na nani amempa ruhusa, na huyu mama ni nani hata aingie humu. Mama Mvuke hakuinuka. Alimwonyesha ukuta.

"Soma mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho ulisema kwamba mwenye cheti hiki ana mamlaka ya kusimamisha boila pale anapoona hatari, bila kumuuliza mtu yeyote. Meneja akausoma. Akaitazama picha, akamtazama mama aliye juu ya ndoo, na jasho likamtoka upya. Alianza kusema kwamba wao walidhani, kwamba wakala aliwahakikishia.

"Hukuona kwamba fundi wako ana ndevu na picha haina?" Mama Mvuke akamuuliza.

Meneja akampigia Mkurugenzi simu, akaweka sauti ya juu ili lawama zisikike zinakotoka. Na Mkurugenzi, lo, mtu yule ana ulimi wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa! Hakushtuka hata kidogo. Alimpongeza Mama Mvuke, akamwita dada yangu, akasema nafasi yake ndiyo hiyo imepatikana, anaweza kuanza kesho, mshahara kamili wa fundi. Jambo moja dogo tu: akubali kwamba amekuwepo hapo tangu mwanzo. Daftari limeshasainiwa kwa jina lake, aseme tu kwamba saini ni yake.

Meneja akashusha pumzi, akamtazama kwa matumaini. Na msidhani Mama Mvuke hakutamani. Kazi ilikuwa pale, ya ufundi wake, boila bado lina joto mgongoni mwake. Nyumbani mume wake alikuwa akipata kazi za useremala kwa kubahatisha, na mama mkwe ameanza kujipunguzia chakula na kusingizia kwamba umri umemmaliza hamu. Alilichukua daftari, akafungua kurasa. Jina lake, jina lake, jina lake, asubuhi na jioni, na pembeni kila mara: maji nusu. Miezi mitano ya doa la kutu.

"Hili lingelipuka leo," alisema, akiichukua simu mkononi mwa meneja, "polisi wangekuja kwangu. Wangenikuta nafua nguo, wakaniambia nimeua watu arobaini. Na wewe ungesema ndiyo, cheti chake hicho, saini zake hizo."

Mkurugenzi akaanza kusema kwamba tusikuze mambo. Mama Mvuke akarudisha simu kwa mwenyewe. Akamwambia meneja asiwashe chochote mpaka mkaguzi aje alipime hilo boila ndani na nje. Baada ya hapo, kama anataka fundi, amwandikie barua yeye mwenyewe, si wakala, na daftari lianze ukurasa mpya. Meneja akatazama simu, akatazama viatu vyake, akasema angehitaji kushauriana. Basi ashauriane. Mama Mvuke alipanda juu ya ndoo, akaitoa fremu kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa mkono wa nguo. Meneja akalalamika kwamba bila fremu ile hawezi kuwasha.

"Ndiyo," akasema Mama Mvuke.

Getini mlinzi alimsimamisha, maana mali haitoki kiwandani bila kibali. Akaichukua fremu, akatazama picha, akatazama uso, akafungua geti.

Hakuwa ametembea hatua ishirini aliposikia viatu nyuma yake. Ni Bwana Kofia, kofia mkononi, kipara kinang'aa kwa jasho. Mama Mvuke alidhani anakuja kumlaumu kwa kumkosesha kibarua, akajiandaa kujibu. Lakini yule bwana alitaka kuuliza jambo moja tu.

"Dada, mimi ni dereva wa malori makubwa. Miaka kumi na saba, sijagonga hata kuku. Leseni yangu wameifungia kwenye droo ile ile tangu mwaka jana, wanasema kazi ya udereva haijapatikana. Kwa hiyo sasa hivi, nani anaendesha kwa jina langu?"

Barabarani palipita lori, kisha jingine, na wote wawili wakajikuta wanachungulia nyuso za madereva. Wakageuka wakaenda pamoja.

Benchi la ghorofa ya pili lilikuwa limejaa kama kawaida, watu tisa, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa umefungwa, manukato yake bado yapo. Dada wa mapokezi aliinua kichwa, akaiona fremu, na uso wake ukambadilika. Mama Mvuke hakwenda mezani kwake. Aliisimamisha fremu juu ya meza ndogo ya fomu, ikitazama benchi, akawaeleza wale watu alikoikuta, kwa maneno machache, na kwamba aliyekuwa akiliangalia boila chini yake ni dereva huyu hapa. Kisha akauliza swali lake.

"Nani hapa karatasi yake halisi iko kwenye droo ile?"

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mkunga, akishika ukuta kwa sababu ya maumivu ya miguu. Halafu fundi umeme. Halafu kijana wa maabara, na mlinzi mstaafu, na dada mwenye mtoto mgongoni, mpaka benchi likabaki tupu.

"Wapenzi, kaeni," alisema dada wa mapokezi. "Mkurugenzi ameshatoka. Kaeni, mtaitwa."

Hakuna aliyekaa. Yule mkunga alikuwa bado anaitazama ile fremu, midomo inamcheza, kama anayejaribu kuhesabu ni wanawake wangapi wamejifungua mbele ya cheti chake tangu alipokiacha hapa Januari. Kisha akaachia ukuta, akaiendea droo.